Meneja wa Boksi Tupu

Boksi lilikuwa limetupwa nyuma ya hoteli moja ya watalii mjini Malindi, juu ya maganda ya kamba na chupa tupu. Watu wote waliopita asubuhi ile waliona boksi. Gerishom aliona ofisi. Ubavuni palichorwa kompyuta, na mwaka ule wa 1987 watu wa Malindi walioijua kompyuta kwa macho wangeenea kwenye benchi moja. Gerishom mwenyewe hangekuwamo.

Alikuwa ameshuka pwani kutoka bara miaka miwili nyuma, akiuza bima ya maisha ya kampuni iliyokwisha kufa. Alikuwa na suti moja, sauti laini, na kanuni aliyoishika kuliko sala: jina lako lisikae kwenye karatasi ya mtu. Maneno ya mdomo hayakumtisha. Aliamini yakishatoka yamekwenda, na hakuna askari aliyewahi kuyafunga pingu.

Haikupita wiki akawa amepanga chumba juu ya duka la vitambaa. Alilitia boksi mchanga kiasi lipate uzito, akalifunga kwa utepe, akaliweka mezani na kulifunika kitambaa cha kufuma. Kwenye ubao wa posta alibandika tangazo: vijana waliomaliza kidato cha nne wanatakiwa kuuza kompyuta, ada ya mafunzo ilipwe mapema, tai ni lazima. Walikuja kumi na tisa. Kazi ilikuwa adimu, na tai haikuwa tatizo kwani Gerishom alikuwa nazo za kuuza.

Aliwafundisha kubisha hodi, kutabasamu, na kumwita kila mwenye duka mheshimiwa. Walipomwomba afungue boksi, aliwaeleza kwamba kompyuta haipatani na vumbi. Malindi, alisema kwa huzuni, ina vumbi. Alilitaja kama mtu anayetaja maradhi ya jamaa yake, nao wakatoka wakinyata.

Miongoni mwao alikuwako msichana wa Muyeye, jina lake Kadzo, binti Mzee Lewa. Ili kupata ada yake, baba yake alikuwa ameweka rahani minazi sita kwa Mzee Kahonzi, tajiri wa mashine za kusaga unga. Mpaka deni lilipwe, nazi na tembo la minazi ile vilikuwa vya Kahonzi, na nyumba ya Mzee Lewa haikuwa na shamba jingine la kutegemea. Gerishom alipoambiwa hayo alitikisa kichwa kwa masikitiko, akazipokea fedha.

Kadzo alikuwa na ila moja: aliuliza maswali.

"Meneja, mteja akiniuliza yafanya nini, nimjibu vipi?"

"Mwambie inafanya yote."

"Yote yepi?"

"Hilo ni somo la wiki ya tatu."

Wiki ya tatu Gerishom alikusudia kuwa Voi.

Siku mbili Kadzo hakuonekana darasani. Ya tatu akaingia, akaamkia kwa adabu, akasema amepata mteja. Mzee Kahonzi ana mashine tatu za unga, moja Muyeye, moja Mambrui, moja Kilifi, na kila moja aitakia kompyuta yake. Ila mzee yule hanunui asichokiona. Ataka kuiona ikifanya kazi, mbele ya watu. Basi huko Mombasa, alisema Kadzo, kuna duka lenye kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika, ile inayounganishwa na televisheni, na wenyewe wako radhi kuileta kwa gari lao.

Mtu mwaminifu angejiuliza msaga unga ana haja gani na kompyuta. Gerishom aliuliza tu kama mzee hulipa taslimu. Kadzo akasema hulipa, tena hana mkono mzito. Usiku ule Gerishom hakulala, akiigawanya ile fedha ya kompyuta tatu katika matumizi mbalimbali, na Voi ikaanza kuonekana mji mdogo sana kwa mtu wa hadhi yake.

Ijumaa ikaja gari kutoka Mombasa na bibi mmoja mwenye miwani, aliyeitwa Adhiambo, ameshika mashine kifuani. Gerishom alitoa ada zote za vijana kuinunua, na zilipopungua akavua saa yake ya mkono akaiweka juu. Bibi Adhiambo akafungua kitabu cha risiti, akauliza aandike jina gani.

"Pale pa jina paache wazi," alisema Gerishom.

Bibi Adhiambo na Kadzo hawakutazamana. Walijitahidi sana wasitazamane.

Jumamosi walikutana Muyeye, kwenye banda la unga la Mzee Kahonzi, maana ndiko kulikokuwa na stima. Vijana kumi na tisa walipanga mstari na tai zao. Wazee watatu waliketi kwenye magunia. Ilipofika saa ya kuiwasha mashine, meneja aligundua ana kikohozi, akampisha Kadzo. Kadzo akaunganisha nyaya bila kusitasita, akabonyeza vitufe, na jina la Kahonzi likatokea kwenye kioo, herufi baada ya herufi. Watu wakasukumana mbele. Hata Gerishom alisogea karibu atazame, kwani na yeye ilikuwa mara yake ya kwanza.

Kisha ukaletwa mnazi, ndilo tembo lenyewe, katika mboko, kile kibuyu kidogo chenye mrija. Kahonzi akakishika, akauliza polepole.

"Wasema mashine hii umewaletea vijana hawa uliowaahidi kazi?"

"Mzee, ni yao kuliko ilivyo yangu," alisema Gerishom, mkono kifuani.

"Na itakaa hapa mpaka uwape kazi hiyo, au uwarudishie ada zao?"

"Hata mwaka, mzee wangu."

Akapewa mboko, akavuta mrija. Mnazi ulikuwa mtamu. Wazee watatu wakavuta baada yake, mmoja mmoja, kila mmoja akimkazia macho. Gerishom akafuta midomo na kuuliza kuhusu malipo.

Kahonzi akasema ameiona mashine na ni nzuri. Lakini mahindi yake, kwa bahati, husagika bila kuandikwa. Gerishom akacheka kidogo, akasema basi hakuna ubaya, yeye atachukua mali yake aende.

"Mwanangu," alisema Kahonzi, "umekunywa."

Hapo ndipo alipoelezwa jambo ambalo kila mtoto wa Muyeye alilijua. Kwa Wagiriama wale, mashamba yamehama, minazi imewekwa rahani na kukombolewa, kwa neno la mdomo na mnazi mbele ya mashahidi watatu. Mtu akinywa, amekubali. Mashine ilikuwa rahani, na mashahidi walikuwa wanene na wenye afya. Gerishom akataja polisi. Kahonzi akamwambia aende tu, achukue na karatasi yenye jina lake. Gerishom akaitoa ile risiti mfukoni. Pale pa jina palikuwa peupe, pasafi, kama alivyotaka mwenyewe.

Alasiri alikuwa ameketi ofisi ya mabasi, suti imekunjika, akingojea gari la Mombasa. Kadzo akaja na kikapu chake, akaketi benchi lile lile. Naye alikuwa akisafiri.

"Wenzako wanajua?" aliuliza Gerishom.

"Niliwauliza kwanza. Wote kumi na wanane walikubali. Mashine itakaa pale bandani, wajifunze na kuwafundisha wengine kwa malipo."

"Na minazi ya baba yako?"

"Nimeikomboa leo, kwa kamisheni yangu. Siku zile mbili nilikwenda Mombasa kuuliza kompyuta yafanya nini. Bibi Adhiambo akanifundisha, akaniambia haajiri mtu mpaka auze mashine moja. Jumatatu naanza kazi."

Gerishom aliutazama mkono wake, pale ilipokuwa saa. Aliona uchungu, tena mkubwa. Saa ile ilikuwa nzuri. Lakini chini ya uchungu alihisi fahari asiyoitarajia, kwani katika miaka yake yote ya kufundisha, huyu ndiye mwanafunzi wa kwanza aliyepata kazi. Akajirekebisha tai. Akauliza, kwa ile sauti yake laini, kama huko dukani bado wanatafuta watu.

Kadzo akamtazama kutoka viatu hadi kola, bila haraka.

"Umewahi kuuza kompyuta?"

Gerishom alifikiri. Uongo ulikuja mdomoni kama kawaida, ukakosa wa kumdanganya.

"Sijawahi," alisema. "Nimenunua moja."