Musa wa Kwenye Flashi

Jumatatu, 24 Machi 2025

Nimeshtuka! Wakatekumeni wangu ni tisa, leo wamekuja watatu. Wengine wote wako mashambani wanachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, wapande maharage. Na kati ya hao watatu, Mzee Stephano alisinzia kabla sijamaliza Ishara ya Msalaba. Ubatizo ni Pasaka! Paroko ametangaza kwamba tarehe mbili atakuja hapa Maguu kuwauliza maswali mwenyewe. Katekista atakayeonekana hajui anachofundisha atapelekwa Namswea, akakae darasani kwa Wendelin.

Wendelin! Tulisoma naye ukatekista, nikamwazima hadi kandambili. Siku hizi anatembea na chaki mfukoni kama daktari na kipimajoto. Miaka kumi na tisa nafundisha, leo nikakae benchi moja na watoto wa kipaimara? Ee Mungu, niepushe.

Jumatano, 26 Machi

Wazo limenishukia nikiwa kwenye rozari, kwa hiyo najua limetoka wapi. Filamu! Zile za zamani za Wamarekani, za watu wa kale, ambazo mapadre walituonyesha ukutani tukiwa wadogo. Sijawahi kuona kitu kitamu kama zile.

Nikapanda bodaboda hadi Mbinga mjini, dukani kwa Masoudi, anayeuza simu na kuweka filamu kwenye flashi. Nikamwomba ya Musa. Akaniambia, Katekista, Nabii Musa ni wetu pia, na kwetu manabii hawaigizwi. Lakini kwa kuwa ni mimi, akanakili huku ameangalia pembeni. Ana imani, yule.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeazima televisheni ya shemeji na betri ya sola. Kanisa letu la kigango tumelifunika madirisha kwa mablanketi, mchana ukawa giza. Wamekuja wote tisa! Na walokole wawili, wakisema wanapita tu. Wamepita saa tatu nzima.

Jamani, ile filamu! Musa kapigana na simba kwa mikono mitupu. Musa kapendwa na binti wa jemadari, mwenye kucha nyekundu. Musa kasimama mbele ya Farao na sauti kama ngoma, hata vikombe vya Farao vikatetemeka. Bahari ilipogawanyika Mzee Stephano, usingizi umemruka kabisa, akapiga magoti. Mimi nililia bila aibu.

Ndipo Mama Kunigunda, muuza vitumbua, akanyoosha mkono. Akasema pale Musa alipoinua fimbo alikuwa amevaa saa. Nikamwambia ni bangili. Akauliza bangili gani ina mishale. Tukarudisha nyuma. Nikasogeza uso hadi kwenye kioo. Saa! Tena ilikuwa saa nne kasorobo!

Hakuishia hapo. Akataka kujua Haruni yuko wapi, mbona hajamwona. Nikamjibu yuko nyuma ya ngamia.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada nimepiga marufuku kutafuta makosa ya filamu. Nimesema ni kukosa shukrani.

Ningejua ningenyamaza! Maguu nzima sasa inasoma Biblia ili kuiumbua filamu yangu. Mama Kunigunda aliazima ya kwangu, nikampa nikidhani ametubu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepita mashambani nikashtuka upya. Watu wanarushiana makosa kutoka ngoro hadi ngoro. Mmoja anapiga kelele akiwa shimoni kwamba kitabu kizima cha Kutoka amemaliza na simba hamna! Mwenzake wa kilima cha pili anajibu kwamba hata kucha nyekundu hakuna, mwanamke mwenyewe alikuwa anachunga kondoo! Wasiojua kusoma wanasomewa na wenzao wakati wa kupumzika. Nimerudi nyumbani nimenuna. Nikaiangalia filamu tena, peke yangu, kuimarisha imani. Ukiondoa saa, haina kosa.

Jumanne, 1 Aprili

Kesho Paroko. Mke wangu Dafrosa ameniuliza, Baba Nathanieli, mbona hujajiandaa, Biblia yako iko wapi? Nikamkumbusha iko kwa Kunigunda. Na isitoshe, nimeiangalia filamu mara tano. Musa ninaye kichwani.

Jumatano, 2 Aprili

Paroko alikuja, nyuma yake Wendelin amembebea mkoba. Swali la kwanza kwa Mzee Stephano: Musa alimwoa nani? Mzee akajibu, binti wa jemadari, mwenye kucha nyekundu. Nilitamani ardhi inimeze! Kumbe anatania. Akacheka, akasema huyo ni wa kwenye flashi, Baba. Wa kwenye Kitabu ni Sipora, binti wa kuhani wa Midiani, sura ya pili. Wengine wakadakia. Sura, mstari, mpaka majina ya wakunga! Paroko alibaki mdomo wazi. Wamefaulu wote tisa! Wendelin akaiminya chaki mfukoni mpaka ikavunjika, niliisikia.

Kwa furaha Paroko akanigeukia. Na wewe Katekista, nani alimsemea Musa mbele ya Farao, na kwa nini?

Nikasimama. Nikatanua kifua. Nikasema alijisemea mwenyewe, Baba Paroko, na sauti yake ni kama ngoma.

Mama Kunigunda akajifunika uso kwa khanga. Mzee Stephano, ambaye hajui hata a, akaninong'oneza kwa huruma: “Haruni, Katekista. Musa alikuwa mzito wa kusema. Haruni, yule wa nyuma ya ngamia.”

Jumamosi, 5 Aprili

Namswea. Benchi la mbele, magoti yamegusa kidevu. Wendelin ameniandikisha “Haruni” mara hamsini, watoto wa kipaimara wakihesabu kwa sauti.

Darasa lilipoisha akanifuata nje. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ile flashi bado ninayo. Tukaangalia kwake. Alihesabu makosa kumi na manne, na kila kosa aliliandika kwa chaki ukutani. Bahari ilipogawanyika akasimama, chaki ikamdondoka. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

Wakati wa kurudi nimepitia kwa Masoudi, nimechukua ya Daudi na Goliati. Nimeshaiangalia. Hii ni kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho! Jumatatu nafundishia. Goliati amevaa saa, lakini hiyo bila shaka aliiteka vitani.