Rudisheni Kelele Kwenye Redio ya Manong Edring

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Madereva wa Jipni, Salvacion,

Basi ndiyo hivyo, Manong Berto, naendelea palepale uliponikatisha jana stendi, mdomo umejaa tambi, ukasema, "Manang Sentia, kama una malalamiko andika barua. Mimi kiongozi, sisikilizi maneno ya stendi." Haya, nimeandika. Shule niliiacha mapema, mwalimu alichoka kunisikiliza, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usinicheke. Naandikia humuhumu ndani ya jipni ya Manong Edring, tunasubiri abiria wajae, na kila anayepanda anaitikisa.

Kwanza nakupongeza. Amri yako kwamba redio zote za magari ya abiria zitolewe kelele ni amri nzuri mno. Barabara ina mashimo ya kufugia samaki, breki za jipni ya Nonong zinashika kwa maombi, lakini wewe kwa hekima yako ukaona kinachowaua wananchi ni redio kulia. Mungu akuongezee macho ya namna hiyo.

Sasa malalamiko, kwa namba, kama ofisi inavyopenda.

1. Kelele ile ilikuwa na kazi yake. Kila mtu anaijua redio ya Edring. Kwenye tambarare inasema vizuri tu. Tukianza kupanda kilima, Edring akiweka gia ndogo, inalia uuuuiiii, na anavyozidi kukanyaga mafuta ndivyo nayo inavyozidi kupandisha, kama nguruwe anayevutwa mkia. Na huu mchezo wa kuigiza wa saa sita mchana, wa Rosing dobi na yule tajiri Doña Uldarica, sijui wenye redio walikula kiapo gani, mambo yote mazito wanayatia tukiwa kilimani! Rosing anasema, "Mama, nina siri..." uuuuiiii. Daktari anasema, "Mgonjwa huyu, kwa kweli, ana..." uuuuiiii. Tukifika juu kanisani, wanatangaza sabuni.

Nani aliwasaidia abiria siku zote hizo? Mimi. Niliwaambia nimekulia ukuta kwa ukuta na mashine ya kukoboa mpunga, masikio yangu yanapita katikati ya kelele. Hakuna aliyebisha. Nageuka nyuma nawaambia, "Amesema ana mimba." Gari zima, "Yesu, Maria na Yosefu! Ya nani?" Nawaambia, "Tulieni, kilima bado." Watu walikuwa wanaruka jipni mbili tupu wasubiri hii. Na kwa kazi hiyo nilipewa kiti cha mbele, kando ya dereva, kikapu changu cha keki za bibingka za kuuza magotini, upepo wote wangu. Hata mke wa diwani siku moja aliambiwa, "Samahani mama, hapo ni pa Manang Sentia." Mke wa diwani! Akaenda kukaa nyuma na kuku.

2. Fundi uliyemleta, huyo Rodelio wa miwani ya jua. Chini ya paa, Manong, na miwani ya jua. Alikula bibingka zangu akisema ni za kupima njaa, halafu akaanza kuihoji ile gari kama polisi. "Edring, zima injini, redio iache iendelee." Ile uuuuiiii ikakatika, ikabaki nyingine ndogo, krrr krrr krrr. Akasema, "Aa, mnazo mbili." Kama anatuambia tuna mapacha! "Washa tena. Kanyaga. Achia." Kila akikanyaga inapanda, akiachia inashuka. Edring akasema labda plagi. Rodelio akacheka mpaka miwani ikashuka: "Plagi gani, Manong, injini yako ya dizeli haina hata moja! Hiyo ni altaneta, inayochaji betri, ndiyo inayokuimbia." Kisha akachomoa waya wa antena nyuma ya redio, na kelele zote mbili kimya. Akasema zinaingilia kwa antena, maana pale chini antena imekaa juu ya kutu na rangi, haigusi bati sawasawa, kwa hiyo inadaka uchafu wote wa humu ndani.

Mimi nikamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kuna watu wanaishi vizuri na uchafu wao." Hakunisikia. Akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akafunga antena upya, akaunganisha boneti na bodi kwa waya mpana, akabandika kapasita kwenye altaneta, kadude kadogo kama kidole gumba. Hako kadude, Manong Berto, ndiko kamenitoa kwenye kiti changu.

3. Mmemgusa mpaka Mtoto Mtakatifu. Ile krrr krrr ilikuwa bado. Rodelio akatoa redio yake ndogo ya mfukoni, akaiweka mahali pasipo na stesheni, akaanza kuipitisha kwenye dashibodi kama mganga. Kwenye saa, kimya. Kwenye feni, kimya. Ilipofika kwa Santo Niño, ile sanamu ya Mtoto Mtakatifu ya Edring yenye taji la taa nyekundu na buluu zinazopepesa, ikapiga kelele hata mbwa wa stendi wakasimama. Rodelio mwenyewe alivua miwani. Akasema, "Manong, zima wewe." Edring akasema, "Mimi nina watoto, zima wewe." Wakasukumana pale kama watu wanaogombea kutolipa bili. Mwisho Edring akavua kofia, akaomba radhi kwa sauti, akavuta waya. Krrr ikakatika. Yaani katika gari lenye tairi vipara na dereva anayesinzia, mkosaji akaonekana ni Mtoto Mtakatifu! Siku hizi anawaka kwa betri za tochi, peke yake, kama mfungwa. Nauliza tu kama chama kina habari.

4. Hili ndilo kubwa. Kumbuka kwamba Doña Uldarica, kwa mujibu wa kilima, alikuwa amekufa. Nilimuua mimi. Hapana, ngoja, niandike vizuri: nilisikia amekufa, katikati ya kelele, kwa mfupa wa samaki, mezani, akiwa anamtukana Rosing. Abiria walifurahi, niamini. Abiria mmoja mwenye magunia ya mbolea alipiga makofi. Isipokuwa Bibi Pacing, yule mwenye moyo laini, akasema hata mtu mbaya ana roho, akaenda kumlipia misa. Padri akalisoma jina lake madhabahuni, "Uldarica," na watu wakaitikia.

Siku ya kwanza baada ya fundi wako, tunapanda kilima, gia ndogo, injini inanguruma, redio inatoa sauti nyororo kama maji ya mtungi. Mara tunasikia, wazi kabisa, "Rosing! Kahawa yangu iko wapi?"

Doña Uldarica.

Bibi Pacing alipiga yowe, Edring akafunga breki, kuku wakaja mbele. Mimi nikawahi, nikasema, "Msiogope, huo ni mzimu wake, umerudi kumsumbua." Nikaona wameanza kuniamini, wengine wakajipiga msalaba. Basi huyo daktari wa redioni, asiye na adabu, akaingia palepale: "Doña, presha yako iko sawa, na ule mfupa niliutoa salama jana." Jipni nzima ikanigeukia. Hata waliokuwa wamening'inia nyuma waliinama wanitazame.

Bibi Pacing akasema taratibu, "Sentia, misa yangu je?"

Nikamwambia misa haiozi, Doña atakufa tu siku moja. Hakucheka.

5. Kwa hiyo kiti. Kesho yake nimefika na kikapu changu, nakuta Bibi Pacing amekaa mbele. Edring anaangalia usukani, hanitazami mimi. "Manang, leo kaa nyuma kidogo." Kidogo! Nimekaa nyuma na mbolea, na mtoto wa mtu alinilalia. Nikifungua mdomo kilimani wananiambia, "Shh, tunasikiliza." Mimi! Kuambiwa shh katika gari la Edring! Tangu lini mtu anasikiliza kwa masikio yake mwenyewe?

Sasa maombi yangu, ni madogo.

Kwanza, kelele irudi. Siombi yote, sina tamaa, naomba ile ya kilimani tu.

Pili, kama kile kidude hakitoki, chama kimwamuru Edring achomeke chaja yangu ya simu, ile niliyonunua chini, barabarani. Rodelio alipoiona alirudi nyuma, akasema hiyo peke yake inaweza kufunika stesheni zote mpaka mjini. Naitoa bure. Nyingine nitawanunulia jipni zote za njia hii, ili isionekane upendeleo.

Tatu, kama hayo yote ni magumu, basi wewe una muhuri: waandikie wenye redio wamuue Doña Uldarica kabla ya Ijumaa. Mfupa ungekuwa bora, lakini sichagui, hata ngazi. Bibi Pacing atapata faida ya misa yake, mimi nitapata kiti changu, nao watapata mchezo wenye akili, maana wa kwao umepoa. Wangu ulikuwa na pacha aliyepotea.

Natumaini ombi langu halitakaliwa juu kama uenyekiti wenyewe.

Msalimie mkeo, mwambie ile rangi ya nywele imemkaa na watu wataizoea. Msalimie na mama mkwe wako, najua hamsemeshani lakini msalimie. Wasalimie madereva wote, na breki za Nonong.

Ni mimi katika mateso ya siti ya nyuma,
Presentacion Sobrevega (Manang Sentia)

N.B. Manong Berto, barua hii sijaileta bado, jana tulipanda kilima na kushuka baada ya mimi kuitia sahihi. Nilikuwa nimenuna, nimekaa zangu nyuma, kumbe spika kubwa iko huku, juu ya kichwa changu. Rosing amempelekea Doña ile kahawa. Hakumtukana, hakulia. Akasema, "Kunywa, Doña. Ni ya mwisho kupika katika nyumba hii," na nikasikia mpaka kijiko kinawekwa kwenye sahani. Kijiko, Manong! Miaka yote mimi nawatilia mimba na mapacha, kumbe kulikuwa na kijiko! Mtu wa mbolea anafuta macho, na mimi nimesahau kusema kitu.

Kwa hiyo mtu asiguse redio hiyo. Chaja yangu nimeitupa mtaroni. Bibi Pacing akae mbele milele, huko spika haifiki vizuri, shauri yake. Na umtume Rodelio haraka, Rosing akishusha sauti nasikia kama ka-uuuii kadogo kwa mbali, aongeze kidude kingine, bibingka ziko. Maana leo Rosing anafungua mlango, mizigo mkononi, na huko nje amesimama nani sijui, nilitaka nikwambie ninavyofikiri mimi, lakini Edring huyo anapiga honi, anaita, "Manang, panda, unatuchelewesha, muziki wa mchezo ushaan