Yah: Ombi la Kuondolewa Kwenye Kapu la Mboga Mara Moja

Leontin Crăsnic,
Mkuu wa Stesheni (Mstaafu),
Timișoara.

Kwa Binti Yangu Rodica,
Castellón, Uhispania.

Mwanangu mpendwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na mumeo na yule mjukuu wangu anayezungumza Kihispania kwenye simu ili babu yake asielewe anaombwa nini. Mimi ni mzima. Huo uzima ndio chanzo cha barua hii.

Utakumbuka kwamba majira ya kuchipua, bila kuniuliza, uliniandikisha uanachama katika shamba la Zamfira na mumewe Ilarie, ambako watu wa mjini hupokea kila Alhamisi kapu la chochote ambacho ardhi imetoa wiki hiyo, pamoja na mayai ya kuku wanaozurura malishoni. Uliniambia kwenye simu, "Baba, tangu mama atutoke unakula supu ya kopo umesimama jikoni kama mtu anayesubiri treni. Mimi huku nimechoka kulia." Sikukujibu, kwa heshima, na pia kwa sababu supu ilikuwa inapoa. Sasa naomba kujibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu ratiba. Kapu la kwanza lilikuja limejaa majani. Majani, mwanangu! Mchicha, vitunguu vya majani, na fungu la yale magugu yanayowasha ambayo bibi yako alikuwa akitutuma kuyachuma kandokando ya reli. Nyanya hata moja haikuwemo. Mimi kazi yangu yote ilikuwa hiyo: kitu kikichelewa, kuna mtu wa kuulizwa. Nikamuuliza Zamfira pale kwenye ua wa kanisa anapogawia makapu, mbele ya watu, nani anahusika na kuchelewa kwa nyanya.

"Jua, baba," akanijibu. "Ofisi yake iko hapo juu. Nenda kapige hodi."

Nikamwambia dukani zipo, hata Januari zipo. Akasema, "Hizo si nyanya, hizo ni picha za nyanya." Watu wakacheka. Nilisubiri mpaka Julai. Nyanya ya kwanza niliila kwa chumvi na mkate, na juisi ikanichuruzika mpaka kwenye mkono wa shati. Lile shati jeupe. Doa halijatoka.

2. Kuhusu mayai. Kuku wa watu hawa hawana banda la kudumu. Wana kibanda chenye magurudumu, kinachokokotwa kutoka kwenye nyasi zilizoparuliwa kwenda kwenye nyasi mbichi, nao wanakifuata kwa kelele kama abiria waliobadilishiwa jukwaa. Kiini cha mayai yao kina rangi ya chungwa iliyokoza, kama lile koti la mafundi wa reli. Sikuwa nimeomba rangi hiyo. Matokeo yake, kwenye chakula cha wastaafu wenzangu nililetewa yai la kawaida la mgahawa, nikalitazama, na kabla sijajizuia nikasema kwa sauti kwamba yai hili limepauka kama mtu aliyeachwa na treni ya mwisho. Mpishi alikuwa nyuma yangu. Sijaalikwa tena. Kwa hiyo shamba lako limenigombanisha na marafiki wa siku nyingi.

3. Kuhusu jirani. Hapa naomba usome umekaa. Unajua kwamba mimi na Paraschiva wa ghorofa ya chini hatukuwa tunasalimiana, tangu siku ile alipokung'uta zulia juu ya nguo zangu zilizoanikwa uani. Tulikuwa na amani nzuri ya kutosemeshana. Basi Juni kapu likaanza kuleta gulia, yale madude ya kijani yenye mikia kila upande, ambayo hujui kama ni tunda au mzizi. Nikala moja, likanishinda. Wiki iliyofuata yakaja mengine. Nikawa nashuka taratibu na kuyaacha milangoni kwa watu, asubuhi kabla hawajaamka.

Siku moja mlango ukafunguka nikiwa nimeinama.

"Kumbe ni wewe!" akasema Paraschiva. "Mimi nilidhani nimerogwa!"

Nikamwambia ni zawadi.

"Zawadi gani inaletwa kwa kunyatia? Sema ukweli, mzee. Hujui kuyapika."

Jioni akapanda ngazi na sufuria: gulia yamekwanguliwa ndani, yakajazwa nyama na wali, juu yake krimu chachu na bizari. Nilikula nikiwa nimekaa. Tangu hapo hakuna amani. Ananigongea bomba la maji akitaka kujua kapu limeleta nini. Septemba, pilipili hoho zilipoiva, alinilazimisha kuwasha moto nyuma ya jengo tuchome hoho na bilinganya za zakuska, ile rojo ya kupaka kwenye mkate, na moshi ule ukawatoa watu wote majumbani, kila mmoja na mkate wake mkononi. Zakuska iliyobaki tuliitia kwenye mitungi ya kioo, nayo imejaa chini ya kitanda changu. Nalala juu yake kama mlinzi wa ghala.

4. Kuhusu mvua ya mawe. Nilitaka kuliruka hili, lakini mtu anayelalamika asifiche.

Mwishoni mwa Julai ilinyesha mvua ya mawe upande wa kule shambani. Alhamisi yake kapu lilikuja na maboga machanga mawili matatu na viazi, basi. Wanachama wenzangu wa kapu walinieleza kwamba ndiyo makubaliano: shamba likipata, wote tunapata, likipigwa, tumepigwa wote. Nikasema mimi sikupigwa na kitu, mimi nilikuwa kitandani. Nikavaa koti, nikapanda basi, nikaenda kudai haki yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, mama yako angeyaogopa.

Nikamkuta Ilarie amekaa kwenye tope katikati ya mistari ya nyanya. Mashina yamelala, matunda yamepasuka, na kuku wanayadonoa. Hakuwa analia. Alikuwa anaokota nyanya moja, anaifuta, anaiweka chini, anaokota nyingine. Akaniona na koti langu.

"Umekuja kujitoa, baba?" akauliza. "Una haki. Wawili wameshajitoa leo."

Rodica, nilifungua mdomo, na yale maneno yote niliyotoka nayo mjini hayakuwepo. Nikasikia mtu akisema, "Kamba zenu za kufungia mashina mnaweka wapi?" Mtu huyo nilikuwa mimi. Tulifunga mpaka jua likazama, mimi, yeye na Zamfira, bila mazungumzo mengi. Mashina mengine yalisimama, mengine yalikataa. Siku iliyofuata nikarudi, maana kazi ya kuacha nusu siiwezi, nikamburuta na Paraschiva. Mgongo wangu mpaka leo hausahau, na mahali pa kupeleka madai ya mgongo sijaonyeshwa.

5. Kuhusu leushtean. Hili ndilo zito kuliko yote.

Wiki iliyopita ndani ya kapu kulikuwa na fungu la leushtean, lile jani la supu ambalo mama yako hakukubali sufuria iondoke jikoni bila hilo. Hakuna aliyenitahadharisha. Nilikuwa nimechemsha maharage, karoti na kitunguu, nikakatakata lile jani, nikalitupia, nikafunika. Nilipofunua kifuniko, mwanangu, mama yako alikuwa jikoni. Sisemi nilimwona, mimi si mtu wa hivyo. Nasema harufu ilikuwa yake, ya Jumapili, wewe ukiwa na suka mbili na ukikataa karoti. Niliketi. Nikala bakuli moja nikilia, na la pili nikiwa nimenyamaza, na la tatu, nakiri, kwa furaha.

Mtu wa umri wangu hapaswi kufanyiwa hivi na mboga.

6. Suruali hazifungi.

Kwa sababu hizo zote, nakuomba rasmi umpigie Zamfira simu uniondoe kwenye uanachama huu, nirudie makopo yangu, ambayo hayajawahi kunitoa nyumbani, kunilaza juu ya mitungi, wala kuniliza. Usipofanya hivyo nitachukua hatua kali: nitakubali lile ombi lako la kila siku, nitafunga mizigo na kuja kuishi kwenu moja kwa moja. Usiseme hukuonywa.

Nisalimie mkweo, mwambie namshukuru kwa mafuta ya zeituni. Nisalimie mumeo, na majirani zako Waromania wote wa jengo lenu. Mjukuu wangu mbusu kwenye paji la uso, kwa Kiromania.

Wako katika malalamiko,
Baba yako, Leontin.

Baada ya sahihi: Nilimpa Paraschiva barua hii anisahihishie nukta na mikato. Amecheka hadi akashika ukuta, kisha akaniuliza nitajitoaje ilhali Alhamisi iliyopita nilijiandikisha kwa mwaka ujao mbele yake. Ni kweli. Tena nilichukua kapu kubwa. Kwa hiyo usimpigie Zamfira, utanitia aibu. Na huko Uhispania siwezi kuja: majira ya baridi ni zamu yangu kuwafungia kuku mlango jioni, na wale hawalali mpaka waone kofia yangu. Njooni nyinyi, Pasaka. Mje na njaa.