Ukungu Usoni mwa Philister

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Uniwie radhi, shajara, kwa alama hizi za vidole. Ni dawa. Jumapili tutaadhimisha mwaka mmoja tangu mke wangu Philister alale, na picha yake itatundikwa kanisani. Mbaluka wa studio amekwisha kuchapa bango la plastiki, na kwa kompyuta yake ameuziba mwanya wa meno ya mbele! Mwanya nilioupenda miaka arobaini na mmoja! Nimewaahidi wazee wa kanisa picha ya mkono, ya madini ya paladi, isiyopauka. Wamenipa hadi Jumamosi saa sita. La sivyo, bango.

Nikapaka karatasi dawa, nikafunga pazia ikauke gizani kabla ya kuianika juani chini ya negativu, filamu ya sura yake. Jirani yangu Joyline, msusi wa Kenyatta Market, akabisha kuomba chumvi. Nikafungua pazia, nikampa kiti. Picha ilitoka ukungu mtupu. Karatasi mbovu!

Jumanne, 4 Novemba
Nimeirudisha karatasi River Road, kwa heshima. Muuzaji akaniambia, kwa heshima pungufu, kwamba nimemzibia mlango. Nikachukua nzito zaidi. Ilipokuwa inakauka, Mbaluka akaja kuchungulia. Hasimu, lakini mgeni. Pazia, kiti, chai. Picha ilipotoka aliikagua kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huyu ni mama ama ni mvua inatoka Ngong?"

Nikamshukuru kwa kufika. Sikubali kushindwa.

Alhamisi, 6 Novemba
Ni maji ya mfereji! Nthiwa, bawabu wa Lavington tunayeimba naye kwaya, amenichotea maji ya mvua kwenye tangi la tajiri wake. Naungama. Alipotoka zamu akaniletea mtungi mwenyewe, karatasi ikiwa bado mbichi. Pazia, bila shaka. Kisha nikaharakisha kuisuuza picha katika maji ya asidi, mgeni asingoje chai. Sasa kuna madoa ya manjano juu ya ukungu. Maji ya matajiri nayo si ya kuaminiwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Joyline ameniambia, bila kuulizwa: "Mwalimu, si ni hiyo pazia? Kila mtu akibisha unamwagia karatasi jua."

Nikamwomba radhi kwa kutokubaliana naye. Tangu shule ya misheni sijampokea mtu gizani. Philister angenionea aibu. Nimebadilisha brashi.

Jumamosi, 8 Novemba
Ajabu. Tangu asubuhi Joyline amemsukia mteja nywele mlangoni pangu hasa, akiwaambia watu kwamba nimesafiri. Nilitaka kutoka kukanusha, lakini mikono ilikuwa na dawa. Hakuna aliyebisha. Saa tano na nusu, Philister akatokea majini: paji la uso, macho, kisha mwanya. Nikaketi sakafuni kidogo. Saa sita kasoro dakika tano nilikuwa kanisani.

Jumapili, 9 Novemba
Ametundikwa! Bango limefunika magunia ya viazi jikoni mwa kanisa. Mbaluka alisimama mbele ya picha, akavua kofia.

"Sasa huyu ndiye mama."

Akaniomba nimchapie picha ya mkewe pia, marehemu Mama Mulwa. Nikamfunulia siri: brashi.

Karatasi ya Mama Mulwa inakauka sasa hivi. Joyline yuko kazini. Mchungaji anabisha, na chumba hiki ni giza totoro. Aibu iliyoje! Acha kwanza nifungue pazia.