Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Dereva Aliyeanguka Ndani ya Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani kutokea Kibondo na ambaye gari lake, kwa mujibu wa taarifa za kuaminika, linazibwa pancha pale Murungu. Waheshimiwa wazee maarufu wa Titye, na wazee wasio maarufu sana wa Kagerankanda (minong'ono upande wa Kagerankanda). Viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala, na mtakaotufungia kwa sala endapo nitamaliza mapema. Ndugu zetu mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa vibali halali. Wadau wa TEHAMA, wadau wa wadau, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, kamati ndogo ya itifaki itakaa, itajadili, na itakunywa chai. (Makofi.)

Kwa majina naitwa Stanislaus Nsabimana, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Uratibu wa Maandalizi ya Mradi wa Kituo cha Michezo ya Kompyuta Nyanda za Juu, na nimesimama hapa Kasulu leo kutoa taarifa ya utekelezaji, au implementesheni, ya tukio lililotikisa mji huu mwezi uliopita, tukio ambalo wapo watu wanalisimulia sokoni kwa namna isiyozingatia mchango wa ofisi yangu.

Ndugu wananchi, wote mnamfahamu Apoline, yule dada mwenye studio ya picha na video za harusi karibu na stendi. Apoline ana kompyuta kubwa, yenye taa ndani kama gari la bibi harusi, aliyoinunua kwa ajili ya kuhariri video, kwa sababu video inahitaji kitu kinachoitwa kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora yale yote mnayoyaona kwenye skrini. Na kadi hiyo haijiendeshi. Inaendeshwa na programu ndogo, na wataalamu wa dunia nzima, wakiwa na akili zao timamu, wameamua kuiita programu hiyo dereva. (Kicheko.) Msicheke. Jina hilo lilinigharimu.

Jioni, harusi zikiisha, Apoline huwaruhusu vijana wacheze gemu. Na kati ya vijana hao yumo binti wa Titye, Irakoze, mtoto wa Mama Theodosia ambaye namwona pale mbele na kitenge cha kijani. Simama mama, wakuone. (Mama Theodosia: "Mwenyekiti, endelea tu, magoti yanauma.") Asante kwa ushirikiano. Irakoze huyu anaendesha magari ya kwenye kompyuta kwa kasi ambayo, kwa tathmini ya kamati yangu, imeongeza morali ya vijana kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Amewafunga vijana wa Kibondo, amewafunga wa Kigoma mjini, hata akafika fainali ya kanda za Ziwa na Magharibi dhidi ya kijana wa Bukoba. Zawadi haikuwa kikombe, ndugu zangu. Zawadi ilikuwa nafasi ya kusomea ufundi wa kompyuta Mwanza, pa kulala na pa kula vikiwemo. Fainali ingechezwa kwa mtandao, Irakoze akiwa hapa hapa Kasulu, kwenye kiti cha Apoline.

Siku ya fainali, nikiwa katika kikao cha kimkakati na sahani ya samaki, migebuka, nikapokea ujumbe kwa simu kutoka kwa Apoline: "Mwenyekiti, dereva ameanguka. Mechi imesimama."

Sasa niulizeni mimi, kiongozi makini, nilifanya nini. (Sauti kutoka nyuma: "Ulikwenda barabara ya Kagerankanda!") Nilikwenda barabara ya Kagerankanda. (Kicheko kirefu.) Nilichukua bodaboda, nikachukua na sanduku la huduma ya kwanza, nikatafuta kila mtaro, nikasimamisha kila gari kuuliza hali ya dereva. Madereva wote walikuwa wazima. Mmoja alinijibu kwa lugha ambayo haiwezi kuingia katika kumbukumbu za mkutano huu. Hata hivyo naomba izingatiwe kwamba siku hiyo usalama barabarani uliimarika.

Nilipofika studio nilikuta hali ya huzuni. Irakoze amekaa mbele ya skrini nyeusi, mikono mapajani. Apoline ameufungua ubavu wa kompyuta. Pembeni yake Athanase, fundi aliyewahi kuwa na duka la mtandao kule Bukavu kabla ya kufika Nyarugusu, ameinama na tochi mdomoni.

Nikauliza: "Majeruhi yuko wapi?"

Athanase akatoa tochi. "Papa Président, hakuna mtu ameumia. Ni pilote ya ile karte ndiyo inaanguka. Mutoto anaanza course ya magari, gari inakimbia muzuri, kisha écran inakuwa nyeusi, puu!"

Nikamwambia, "Kumbe na rubani naye yumo?"

"Pilote, dereva, ni kitu kimoja, Papa," akasema kwa upole, na Apoline akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua ni uchungu wa majukumu. (Kicheko. Apoline, akiwa mstari wa pili, anajifunika uso kwa khanga.)

Waandaaji walikuwa wamekubali mechi irudiwe mchana, baada ya chakula. Ikishindikana, nafasi inakwenda Bukoba. Basi pale pale nikaunda kamati ya dharura, nikajiteua mwenyekiti, na kazi ikaanza. Walitoa vumbi kwanza. Ndugu zangu, vumbi jekundu lililotoka katika mashine ile lingetosha kukandika jiko. Wakaangalia feni, zinazunguka. Wakachomoa kadi, wakaifuta, wakairudisha mahali pake. Wakagusa kuona kama imepata moto, haina moto. Irakoze akaanza mazoezi, gari likaingia kona ya kwanza, skrini ikafa.

Apoline akauliza, "Jana si ulicheza vizuri?"

Irakoze akajibu, "Jana vizuri. Na juzi vizuri. Nimecheza mpaka vidole vikauma."

"Basi chuma ni kizima," akasema Apoline. "Tumfukuze huyu dereva."

Wakaiwasha kompyuta katika ile hali yake ya tahadhari, inapoamka na vitu vichache tu, wakamng'oa dereva mpya waliyemkuta humo, na mizizi yake, wakamrudisha yule wa zamani ambaye Apoline alikuwa amemhifadhi kwenye flashi. Irakoze akajaribu. Kona ya kwanza, ya pili, daraja, handaki, mzunguko mzima! (Makofi.) Tukashangilia. Na hapa ndipo mchango wa ofisi yangu ulipoingia rasmi.

Niliona kwamba kompyuta ile inatumia bando la Apoline, bando dogo, la kubanabana. Nikasema haiwezekani binti yetu aende fainali na bando la kubanabana ilhali Mradi upo. Simu yangu ina bando lisilo na kikomo. Nikawasha hotspoti kwa mkono wangu huu, nikaiunganisha kompyuta mwenyewe, kama nilivyoiunganisha asubuhi ya siku ile nilipopita kumtakia binti heri. Nikatoa na maneno machache ya kuwatia moyo, yaliyochukua muda kiasi. Nilipomaliza, Irakoze akagusa ule usukani wa kuchezea, na skrini ikawa nyeusi. (Mtu mmoja: "Ayii, Mana yanje, Mungu wangu!")

Ndivyo tulivyosema sote.

Wakarudia kazi yote upya. Dereva wa zamani akarudi, gari likakimbia. Nikafurahi, nikasogea karibu na meza kupiga picha ya kumbukumbu, simu ikajiunganisha yenyewe, maana kompyuta ilikuwa imeshanizoea. Nikapiga picha kadhaa kwa pembe mbalimbali, na mashine ikafa tena. Irakoze hakulia. Alivua tu viatu akaviweka chini ya kiti, akakaa kama mtu aliyefika kwake na hana tena safari.

Apoline ndiye aliyefungua historia ya mashine, akasoma, akasoma tena, halafu akanigeukia taratibu.

"Mwenyekiti, shikamoo."

Nikajua kuna jambo, kwa sababu alikuwa ameshaniamkia. Nikaitikia.

"Hilo bando lako halina kikomo kweli?"

"Halina, dada. Pakua hata dunia."

"Ndiyo inachofanya," akasema. "Bando langu mimi nimelifunga. Kompyuta inajua hapa kuna njaa, haipakui kitu bila kuniuliza. Ikiona simu yako inaona sherehe. Inakwenda kumchukua dereva mpya yenyewe, inamweka, na huyo dereva mpya hapatani na kadi hii. Wewe unamleta, sisi tunamfukuza."

Athanase akasema, "Papa, pardon, lakini ni vile."

Ndugu wananchi, kiongozi asiye makini angejitetea. Mimi niliomba ufafanuzi wa kimaandishi, na Apoline akasema muda hautoshi. Akazima ile tabia ya kompyuta kujichukulia madereva, akamrudisha wa zamani kwa mara ya mwisho, akaunganisha bando lake dogo. Kisha akaniambia, na haya ni maneno yake: "Kompyuta nimeiambia ikusahau. Ninayemhofia ni wewe, utaikumbusha. Baba yangu, nakuomba, nenda na simu yako nyuma ya nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyopangiwa jukumu la ulinzi wa nje. (Vigelegele.)

Nyuma ya nyumba, pale wanapoanika mihogo, nilimkuta Mama Theodosia. Alikuwa ametoka Titye alfajiri, lakini mechi ya asubuhi ilipoanza akashindwa kutazama. Naomba ruhusa yake nilisimulie hili. (Mama Theodosia: "Ego, ndiyo, sema, ilimradi useme kweli.")

Aliniuliza, "Mwenyekiti, unatafuta mtandao huku?"

Nikasema, "Hapana mama, nauzuia."

Akakaa juu ya gogo. Akaniambia kwamba binti yake aliwahi kupata chuo, baba yake akaugua, nafasi ikapita. "Hakulalamika," akasema. "Alichukua jembe kesho yake akaja shambani, tukapalilia maharage. Nilimngoja aniseme, anilaumu hata kidogo. Hakusema kitu. Ningefurahi kama angelia, Mwenyekiti. Mtoto asiyelia unamfutaje machozi?"

Mimi, ndugu zangu, nina hotuba ya kila jambo. Nina ya mvua, nina ya ukame, nina ya kufungua darasa na ya kufunga choo. Pale sikuwa nayo. Nilizima simu kabisa, nikakaa upande wa pili wa gogo, tukawa tunasikiliza sauti ya injini za magari yasiyokuwapo ikitoka dirishani. Mara ikanyamaza. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Tukadhani imekufa tena.

Halafu tukasikia Athanase anapiga kelele kwa Kifaransa.

Tulipoingia, skrini ilikuwa inawaka, jina la Irakoze liko juu, la Bukoba chini yake, na Irakoze amelaza kichwa juu ya usukani analia kwa sauti, kwikwi zinamtikisa. Mama yake alimfunika na kile kitenge, akawa anamwambia kwa Kiha maneno ambayo sitayatafsiri, maana hayakuelekezwa kwa kamati. (Makofi, watu wanasimama.)

Kaeni, kaeni, bado sijafikia mafanikio ya Mradi. Irakoze yuko Mwanza, masomo yameanza, jana amempigia mama yake kusema amefungua kompyuta na kuijenga upya. Na kwa kuzingatia uzoefu huo, Mradi wangu unaahidi kwamba ifikapo mwisho wa awamu, kila kata itakuwa na dereva wake wa kadi aliyethibitishwa, mwenye mkataba wa kutoanguka. Tutajenga uwezo, tutajenga uwezo wa kujenga uwezo, na tutafanya upembuzi yakinifu wa vumbi. Semeni nami: Gemu ni! ("Ajira!") Vumbi! ("Tupulize!") Dereva! ("Asianguke!") Mwenyekiti! (Kikohozi kimoja.)

Kwa kuhitimisha, nitoe shukrani. Namshukuru Apoline kwa kompyuta, kwa meza, kwa bando, na kwa bango hili nyuma yangu, ambalo upande wa pili limeandikwa harusi njema na jioni linahitajika. Namshukuru Athanase kwa ufundi. Namshukuru Bwana Anania, mfanyabiashara wa maharage, kwa kutuazima ghala hili tulimokaa. Ameniashiria kwamba lori limefika, kwa hiyo walioketi juu ya magunia waanze kuinuka. Utepe huu nitaukata kwa uangalifu, ili Mama wa cherehani aliyetuazima aweze kuuunganisha tena. Na mwisho namshukuru kila aliyefika leo katika uzinduzi wa Kituo cha Michezo ya Kompyuta Nyanda za Juu. Baada ya uzinduzi, desturi ni kuwakaribisha wageni waingie ndani wajionee.

(Sauti: "Ndani ya nini?")

Swali zuri sana. Lipelekwe kwa maandishi kwenye ofisi ya Mradi, mara tu Mradi utakapopata ofisi, Kituo kitakapopata kiwanja, na kamati itakapopata mjumbe wa pili. Asanteni kwa kunisikiliza, na tafadhali mpisheni yule kijana mwenye gunia.