Sahihi Tatu za Puig Rodó

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimepanda Puig Rodó asubuhi, peke yangu. Dakika arobaini na tano, zote za mateso. Mawe meusi ya mlima ule yanakatika kama vigae, na leo yameamua kukatika chini ya miguu yangu tu. Kileleni nimefungua sanduku la chuma, nikatoa daftari la wapandaji, nikatia sahihi. Ya hamsini na tisa mwaka huu!

Kisha nikahesabu za Quirze. Sitini.

Quirze ni jirani yangu. Mizabibu yake imepakana na yangu, na miaka sita mfululizo ndiye anayetushinda. Sheria ya chama chetu cha wapanda milima ni moja: sahihi moja kwa siku, na mwenye nyingi ndiye anayebeba mvinyo mpya hadi kileleni Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe kumi na moja. Anaubeba katika porró ya nyumbani kwao, ile chupa ya kioo yenye mdomo mwembamba ambayo mtu hujimiminia kinywani kwa mbali. Anaiinua juani, inang'aa, na kijiji kizima kinaiona kutoka chini.

Porró yetu haijapanda tangu Baba afariki. Miaka kumi na miwili iko kabatini. Jana mezani Mama aliniambia wazi: "Medir, mwanangu, nataka kuiona ile ya baba yako iking'aa kule juu, mara moja tu. Nina miaka themanini na tisa. Mwakani sijiamini." Dirisha lake linatazama kilele moja kwa moja. Nimemwahidi. Nimeapa kabisa!

Hesabu inafungwa Jumamosi ijayo. Nahitaji kupanda mara tatu zaidi, basi: ya kumfikia, ya kumpita na ya akiba. Lakini magoti yangu! Lakini huo mteremko! Nilipokuwa nimeshika daftari wazo likanijia, zuri hata nikalazimika kuketi. Kama mtu hawezi kwenda kwenye daftari kila siku, daftari lije kwake. Nimeshuka nalo ndani ya mkoba.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimepanda Puig Rodó nikiwa jikoni. Raha iliyoje! Mkate wa kusugua nyanya, soseji, kahawa, sahihi ya sitini. Nimeongeza na maelezo: "Upepo mkali, mandhari safi." Kazi ikifanywa ifanywe vizuri.

Shida moja. Mtu aliye mlimani haonekani kijijini. Nimefunga mapazia, nimeshinda ndani. Mama ameuliza kama naumwa. Nimesema napumzisha miguu. Akasema imefanya nini.

Jumapili, 3 Novemba

Tangu asubuhi niko ghalani kati ya mapipa, nimejificha. Sikwenda misa. Sikwenda hata kunywa vermut, ile divai ya mitishamba, na wenzangu baada ya misa, na hilo limeniuma zaidi. Lakini ushindi una gharama yake. Sahihi ya sitini na moja: "Kimya kitamu. Sikukutana na mtu."

Siku nzima milio ya bunduki upande wa mlimani. Wawindaji na nguruwe mwitu wao. Hayanihusu.

Jumatatu, 4 Novemba

Sahihi ya sitini na mbili imetiwa kabla sijavaa hata suruali. Nimeandika na saa, ili mambo yawe rasmi: saa nne asubuhi. "Bahari inaonekana!" Nikanywa kahawa kama mfalme.

Adhuhuri kipaza sauti cha kijiji kikakoroma, kikapiga wimbo wake, kikatangaza. Daftari la Puig Rodó limepotea! Quirze, goti limemvimba kama boga, na daktari kamkataza ngazi seuze mlima, alijikongoja na fimbo yake tangu alfajiri, akafika juu saa tatu, akakuta sanduku tupu. Mtu gani huyu? Hana nyumba? Hana mke?

Daftari liko chini ya mto wangu wa kulalia. Linachoma.

Jumanne, 5 Novemba

Mbele ya duka la mkate kila mtu na mwizi wake. Mmoja anasema mbuzi. Mwingine anasema watalii wa Kijerumani. Nami nikatia neno, nikasema ni Wajerumani bila shaka, wanapenda sana vitu vilivyopangwa kwa tarehe. Bi Engràcia, mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma, akaniangalia kwa jicho lilelile la darasa la pili. Akasema ameweka daftari la shule sandukuni kwa muda, hesabu iendelee.

Lazima nilirudishe. Mpango: nitalibana chini ya jiwe nyuma ya kikanisa cha Mtakatifu Barbara kileleni, ionekane limepeperushwa na upepo. Kazi ya dakika moja. Tatizo ni zile arobaini na tano za kabla yake.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepanda. Kwa miguu yangu mwenyewe! Nafika juu, ulimi nje, nakuta akina mama kumi na wanne wa mazoezi ya Jumatano wameketi juu ya jiwe langu hasa, wanachoma soseji. Wakanishangilia. Mmoja akauliza nani anakufa mpaka Medir anakimbia hivi. Nikala soseji tatu, mkoba sikuuvua mgongoni. Wakaniambia nivue, nikasema mgongo unahitaji joto.

Wakanipa daftari la shule nitie sahihi. Nikakataa! Akili hiyo. Daftari lililopotea likipatikana kesho, wa kwanza kushukiwa ni yule ambaye jina lake linaonyesha alikuwa juu leo. Nikasema nimekuja kunyoosha miguu tu. Nimeshuka na daftari lilelile mkobani.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepanda tena. Saa sita mchana, saa ambayo kila Mkristo yuko mezani. Nani yuko kileleni? Quirze! Goti kama boga, fimbo pembeni, anavunja lozi kwa jiwe. Akafurahi kuniona, mnafiki mkubwa. Akanisogezea nusu ya lozi zake. Akasema, "Ndugu yangu, siku hizi unapanda kama kijana, au kuna mtu anakudai huku juu?" Akacheka peke yake.

Akasema ametia sahihi leo, yake ya sitini na moja, na goti lisipokubali hataongeza. Akaninyooshea kalamu. Nikasema sitaki, mimi leo nimekuja kwa ajili ya mandhari. Akatazama ukungu. Kutoka pale hata ncha za viatu vyetu hatukuziona. Akasema ni mandhari kweli.

Nimemngoja aondoke saa nzima. Hakuondoka. Nimeshuka mimi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Upepo wa kung'oa meno. Nimepanda kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayekuwa juu, na kweli hakuwepo hata mmoja. Nimeanguka mara nne. Daftari nililifunga katika mfuko wa mkate lisilowe, nikalibana chini ya jiwe nyuma ya kikanisa. Imekwisha! Daftari la shule sikuligusa hata kwa kidole.

Siku tatu mfululizo nimeuona ule mlima. Miguu yangu haisemi nami. Lakini sitini na mbili kwa sitini na moja! Nimemwambia Mama atoe porró kabatini tuioshe. Ameiosha mwenyewe, kwa siki na maji ya moto, polepole, mpaka ikawa kama imenunuliwa jana. Akaipangusa kwa aproni yake ya sikukuu.

Jumamosi, 9 Novemba

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Ukumbi wa chama umejaa. Fulgenci mwoka mikate alikuwa ametumwa asubuhi kuchukua daftari la shule, akarudi na yote mawili. Bi Engràcia akaliinua lile lililopotea. Akasema upepo wa mlimani kwetu una huruma sana, unaiba daftari, halafu unalifunga kwenye mfuko wa mkate lisinyeshewe. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Akaanza kusoma. Quirze, sitini na moja. Medir, sitini na mbili. Nikasimama! Nikanyanyua mikono! Akaniambia nikae, hajamaliza.

Jumapili tarehe tatu. "Kimya kitamu. Sikukutana na mtu." Akavua miwani, akauliza ukumbi ni nani aliyewinda Jumapili. Mikono thelathini na miwili ikapanda juu. Nusu ya kijiji! Njia zote tatu zilifungwa kuanzia alfajiri, zilitangazwa kanisani na zikatangazwa kwenye vermut, mahali ambapo mimi sikuwapo kwa kuwa nilikuwa ghalani nikijifanya niko mlimani. Fulgenci alikuwa amesimama kwenye njia kuu siku nzima na bunduki. Akaapa hakupita hata sungura. Akaongeza kwamba kama ni mimi niliyepita basi nishukuru Mungu, maana kwa kuhema kwangu angenifyatulia akidhani ni dume kubwa.

Nikasema nilipita mapema. Ndipo Bi Engràcia akageuza ukurasa. Jumatatu, saa nne asubuhi. Akamuuliza Quirze alikuta sanduku tupu saa ngapi. Saa tatu. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Medir mwanangu, hebu nieleze. Ulitia sahihi wapi?" Nilitamani sakafu ipasuke. Nikajibu, "Ndani." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ukumbi ulilia kwa kicheko, watu wakashikana mabega.

Akafuta tatu. Zikabaki hamsini na tisa.

Hilo si baya kuliko yote. Baya ni lililofuata. Mama mmoja wa Jumatano akasema jamani, lakini huyu Jumatano alikuwa juu, tulimlisha. Quirze naye akasimama kwa fimbo yake akasema Alhamisi alikuwa nami, nashuhudia. Nikapiga kelele na Ijumaa pia! Bi Engràcia akahesabu kwa vidole. Hamsini na tisa na tatu. Sitini na mbili. Akafungua daftari la shule, akatafuta, akalifunga. Akasema isiyotiwa sahihi haihesabiwi, na hajawahi kuona mtu akitia sahihi siku alizokaa nyumbani na kukataa kutia siku alizopanda. Alisema kwa huzuni. Nafikiri alinihurumia, na hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Nilipofika nyumbani porró ilikuwa mezani, imejazwa mvinyo tayari.

Jumapili, 10 Novemba

Quirze amekuja. Hakunitaka mimi, alimtaka Mama. Alivua kofia akasema Bi Nuncia, porró ya kwetu imepanda miaka sita, imechoka. Angependa kesho kubeba ya marehemu, kama atamruhusu. Mama akashika mkono wake kwa mikono miwili.

Kisha akanigeukia akasema goti lake halitaki kioo mkononi na fimbo mkononi. Kwa hiyo twende wote. Yeye atembee, mimi nibebe. Juu nitainua mimi.

Nikamchunguza. Mtu hakupi ushindi wake bure! Anataka nini? Nimegundua baada ya robo saa ya kufikiri: anataka kijiji kinione nikitembea nyuma yake kama punda wa mizigo. Nimemwambia asante, miguu yangu inaniuma. Alisimama kidogo mlangoni, akasema kama nitabadili mawazo anaondoka saa tatu.

Sikubadili. Hanipati kirahisi hivyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martin. Anga safi, hata wingu moja hakuna. Mama amevaa nguo ya kanisani, akaketi dirishani tangu saa tatu. Nimesimama nyuma ya kiti chake. Tuliwaona wapandaji kama wadudu, wakipinda na njia kati ya mizabibu myekundu. Fulgenci ndiye aliyebeba porró yetu.

Saa tano kasoro ikang'aa. Mara moja, halafu tena, kali kabisa, mpaka ukutani nyuma yetu. Mama alilia. Nami nililia, sioni haya kuandika. Akaipungia mkono ile nuru kana kwamba inamwona.

Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, kama ni kweli Quirze alinialika niende kuiinua mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza basi niko hapa nafanya nini. Nikaanza kumweleza ile hila ya Quirze, hatua kwa hatua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ningekuona na wewe pale juu," akarudi kutazama kilele.

Jumanne, 12 Novemba

Hesabu mpya imeanza leo. Sote tuko sifuri! Quirze ameambiwa na daktari asipande mpaka Pasaka. Bi Engràcia ameweka daftari jipya, kurasa zina namba na mhuri wa chama. Anadhani amenikomesha.

Nimeshagundua kosa langu lilikuwa wapi. Maelezo! Nani aliniambia niandike kuhusu bahari? Safari hii sahihi tupu. Nimechonga mhuri wa chama kwenye kiazi, wa tatu huu, wawili wa kwanza maneno yalitoka kinyumenyume. Nimepiga mistari kurasa arobaini za daftari langu la jikoni, mfano wa lile jipya. Kaunta yote ya jikoni imejaa wino.

Mama ameingia, akaangalia viazi, akaangalia nje. Jua zuri, upepo hakuna. Akasema dakika arobaini na tano tu, mwanangu, nenda, nitakutazama kutoka dirishani. Nimemwambia leo haiwezekani kabisa, aone mwenyewe kazi niliyo nayo hapa mezani.