Mama Magego Haondoki Ng'o!

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mama Magego anatakiwa ng'ambo. Fundi wangu wa pekee wa meno bandia! Kuna kampuni huko imeona kazi zake mtandaoni. Amenieleza mwenyewe asubuhi, huku akisugua gego, kwa upole kama anayeomba chumvi. Nikacheka. Nikaenda chooni, nikaacha kucheka. Bila yeye karakana hii ni chumba chenye vumbi la plasta tu. Mke wangu, ambaye hung'arisha meno na kupokea wateja, ameshauri nimwongeze mshahara na ninunue feni. Wanawake na matumizi! Nina mbinu bora. Nitampa cheo.

Jumanne, 4 Machi
Sasa ni Mkurugenzi Mwandamizi wa Taya, Juu na Chini. Nimembandikia kibao juu ya meza. Akauliza kama cheo kinakuja na feni. Nikasema mkurugenzi hasikii joto. Akarudi kwenye gego lake. Kimemwingia! Mchana gundi imelainika kwa joto, kibao kikatumbukia kwenye ndoo ya plasta. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 5 Machi
Nimetangaza rasmi kuwa sisi ni familia, wafanyakazi wote wawili wakiwa wamesimama. Nikamtaka Mama Magego aniite kaka. Akaniita papo hapo. Kisha kaka akaombwa ruhusa: kesho ampeleke mama yake hospitali. Kesho! Na oda ya daktari wa meno wa ghorofani haijaisha! Nimekataa. Udugu mbali, kazi mbali. Mke wangu amenitupia jicho nisilolipenda.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuja. Kampeleka mama yake. Haya, nikavaa aproni mwenyewe, nikaimalizia oda. Meno ni meno. Alasiri daktari ameshuka ngazi akimshika mkono mgonjwa wake, mzee mwenye heshima zake, mdomo haufungi. Mzee alitaka kunitukana ila meno yangu hayakumruhusu kutamka. Hilo ni fanikio. Daktari amesema nikigusa tena kazi yake, atahamishia oda zote kwingine. Nusu ya mapato yangu! Sasa ni kufa na kupona.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu akupe nini! Wale wa ng'ambo wamenipigia, wanataka kujua tabia ya Mama Magego. Nikamchongea bila huruma. Nikasema ni mzito, jino moja asubuhi nzima. Nikasema ni msumbufu, akiona kasoro kidogo tu anavunja na kuanza upya. Mbishi pia, hubishana na daktari mpaka daktari akubali kosa. Tena hajui kudanganya wateja, hata nikimbembeleza. Upande wa pili nikasikia kalamu ikiandika. Nikajua nimemmaliza. Kisha yule bwana akanishukuru kwa dhati, akauliza kama ninaye mwingine wa aina hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili
Ameondoka. Nilimkimbilia hadi kwenye teksi na aproni yangu, nikimwahidi feni, tena mpya, tena ya kuzunguka! Akashusha kioo. "Kaka," akasema, "hiyo feni mnunulie wifi yangu." Gari likaenda. Nikabaki barabarani, macho yananiwasha. Vumbi la plasta. Feni sijanunua. Aliyeitaka si ameshaondoka?

Jumatano, 30 Aprili
Neema! Kumbe miaka yote mke wangu alikuwa akifundishwa na Mama Magego pembeni. Ndiye fundi sasa. Daktari amesifu kazi yake mara mbili, mbele yangu. Na mshahara? Mke halipwi, ni mke! Wenye karakana wenzangu wanahangaika kutafuta mafundi wa nje, wakati mimi nimemuoa wangu. Isitoshe, kila jioni anajifunza lugha ya kigeni kwenye simu. Ni kwa ajili ya wateja wa kimataifa, bila shaka. Wala sikumwagiza. Huo ndio moyo wa kazi! Leo ameniomba nimpige picha mbele ya ukuta mweupe, uso wazi, bila kutabasamu. Maajabu! Tunauza meno, naye anayaficha. Nimempiga vizuri sana. Kesho naichapisha kubwa, naitundika mapokezi: Mfanyakazi Asiyeondoka.